Mashine Inapokataa Kidole: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumrudisha Mtu Nyumbani

Kazi yangu hapa Nairobi ni kufunga na kutengeneza mashine za bayometriki, yaani zile zinazomtambua mtu kwa alama za vidole au kwa uso, katika ofisi za Upper Hill, viwanda vya Industrial Area, zahanati na mageti ya nyumba za kupangisha. Wanaonipigia simu huanza karibu wote kwa maneno yale yale, kwamba mashine imeharibika. Nikifika, mara nyingi naikuta nzima. Hitilafu huwa katika namna mtu alivyosajiliwa, katika mahali mashine ilipowekwa, au katika mtandao ulio nyuma yake, na wakati huo wote mwenye kidole amesimama mlangoni akionekana kama mwongo. Ndiyo maana nimeamua kuandika dalili ninazokutana nazo, vyanzo vyake na mambo ya kujaribu kabla ya kumwita fundi.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba mashine haimjui mtu yeyote. Siku ya usajili hupiga picha ya kidole, hutafuta mahali ambapo mistari ya ngozi inaishia au inagawanyika, kisha huhifadhi ramani ya vituo hivyo, ambayo sisi mafundi huiita kiolezo. Siku nyingine ukiweka kidole, hutengeneza ramani mpya, huilinganisha na ile ya zamani na kutoa alama ya kufanana. Alama hiyo ikifika kiwango ambacho binadamu fulani alikipanga, taa ya kijani huwaka. Isipofika, huwaka nyekundu. Kwa hiyo taa nyekundu haisemi kwamba wewe si wewe, bali kwamba picha mbili hazikufanana vya kutosha.

Hivyo swali la kuanzia ni hili: mashine imeshindwa kusoma, imeshindwa kulinganisha, au imeshindwa kuwasiliana na seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu? Soma ujumbe ulio kwenye skrini kwa makini, kwa sababu ujumbe wa kuweka kidole tena na ujumbe kwamba mtu hapatikani vina vyanzo tofauti, na anayevichanganya atapoteza siku nzima.

Dalili: kidole kimewekwa, lakini mashine haisomi chochote

Kama hakuna taa wala sauti, anza na umeme. Angalia adapta na waya kabla ya kufungua kitu chochote, kwani nimewahi kuvuka mji mzima na kukuta soketi imezimwa na mfagiaji. Kama taa ipo lakini kidole hakisomwi, fahamu aina ya sensa, yaani kisomaji cha kidole, uliyo nayo. Mashine nyingi za ukutani zina kamera ndogo chini ya kioo kinachomulikwa, na kawaida husoma nukta 500 kwa kila inchi. Simu zenye kisomaji pembeni au nyuma hupima tofauti ndogo za chaji ya umeme kati ya ngozi na kibao, na baadhi ya simu zinazosoma kidole chini ya skrini hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa masikio yetu.

Kila aina ina udhaifu wake. Ile ya kioo husumbuliwa na jua linaloipiga moja kwa moja na pia na mafuta ya vidole yaliyogandana juu yake. Ifute kwa kitambaa laini kikavu na, ikiwezekana, ihamishe kutoka kwenye ukuta unaotazama jua la asubuhi. Ile ya chaji ya umeme husumbuliwa na maji na jasho, na pia na ngozi iliyopauka. Wakati wa baridi yetu ya Juni hadi Agosti napokea malalamiko mengi ya aina hii, kwa kuwa mikono ya watu inakuwa mikavu hata mistari haigusi kibao vizuri. Kihemee kidole mara moja au kisugue kwenye kiganja kisha ujaribu tena. Mafuta kidogo ya kupaka husaidia, mradi uyafute kabla ya kugusa kioo. Usimwage spiriti juu ya sensa, na usikubali mtu aikwaruze kwa kitu chochote eti anaisafisha.

Dalili: inasoma vizuri, lakini inasema mtu hayupo

Hapa ndipo penye taabu kubwa. Nilimpeleka mama yangu hospitali moja ya hapa mjini, na kabla ya kumwona daktari alitakiwa kuthibitisha kwa kidole kwamba bima ni yake. Kijana wa kaunta aliweka gumba la mkono wa kulia mara nne, kisha gumba la kushoto mara tatu, na kila mara taa ilikuwa nyekundu. "Mama, haupo kwenye mfumo," alisema, kwa upole kabisa, huku akimrudishia kitambulisho chake. Mama alikifuta kidole kwenye leso, akakitazama kama kitu cha kuazima. Amelima miaka mingi na kufua nguo za watu miaka mingi zaidi, na ncha za magumba yake ni laini kama karatasi. Nilimuuliza yule kijana kama siku ya usajili walichukua vidole vyote kumi. Aliposema ndiyo, nilimwomba ajaribu kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki jembe wala sabuni kwa nguvu, na alipokiweka mara ya pili taa ikawa ya kijani.

Ningependa kila anayeketi kwenye kaunta ya namna hiyo akumbuke jambo hilo, kwa sababu halihitaji fundi wala fedha. Gumba na kidole cha shahada ndivyo vinavyochakaa kwanza kwa watu wa kazi za mikono. Kidole cha pete na kile cha mwisho hudumu zaidi, hasa vya mkono usiotumika sana. Ikiwa vidole vingi vilisajiliwa, vijaribu vyote kabla ya kumwambia mtu kwamba hayupo.

Uchakavu una sababu zake. Saruji ni chanzo kikubwa kwa vibarua wa mjengo, kwa sababu inapochanganywa na maji hula ngozi ya juu polepole. Mistari yenyewe ina mizizi katika tabaka la ndani la ngozi, kwa hiyo mtu akipumzika wiki kadhaa hurudi vile vile ilivyokuwa. Kidonda kinachozama hadi tabaka hilo la ndani ndicho kinachoacha kovu la kudumu, na mwenye kovu hilo anapaswa kusajiliwa upya. Sabuni kali, dawa za kusafishia na uzee huleta uchakavu kama ule wa saruji. Piko na hina iliyokolea, ambayo huonekana sana Eastleigh baada ya harusi, huweza pia kuichanganya sensa ya kioo hadi rangi hiyo ififie. Vilevile kuna dawa ya saratani inayoitwa capecitabine ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huifanya ngozi ya viganja kuvimba na kubambuka. Mwaka 2009 daktari wa Singapore alieleza katika jarida la kitabibu kisa cha mgonjwa wake aliyezuiliwa kwa saa nne na maafisa wa uhamiaji wa Marekani kwa sababu vidole vyake havikuwa na alama tena. Mgonjwa wa namna hiyo asafiri na barua ya daktari wake.

Chanzo cha pili, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni usajili uliofanywa kwa haraka. Foleni ni ndefu, karani amechoka, mtu anaweka ncha ya kidole badala ya ile sehemu ya katikati yenye mzunguko, mashine inapokea picha hafifu, na kuanzia siku hiyo kila mlinganisho unafanywa dhidi ya picha mbovu. Mtu huyo atakataliwa mara kwa mara kwa miaka mingi na hakuna atakayejua sababu. Dawa yake ni kufuta kiolezo cha zamani na kusajili upya: osha mikono na kuikausha, laza kidole badala ya kukisimamisha, usikibonyeze hadi mistari ikabanana, chukua angalau vidole viwili kwa kila mkono, kisha mjaribu mtu huyo mara tatu kabla hajaondoka. Dakika hizo chache zinaokoa asubuhi nyingi za mabishano getini.

Lipo pia jambo ambalo wenye ofisi huniomba nifanye, nami huwasihi wasinilazimishe: kushusha kiwango cha kufanana ili mashine iache kusumbua. Ukikishusha, malalamiko yatapungua siku hiyo hiyo, lakini umefungua mlango wa tatizo jingine lililo baya zaidi, nalo nitalieleza mbele kidogo.

Dalili: simu inadai nambari ya siri ingawa kidole kimesajiliwa

Mara nyingi hili si tatizo. Simu ikizimwa na kuwashwa, hudai nambari ya siri kwanza, iwe ya Android au iPhone. Ukikosea kidole mara tano hukataa kuendelea kwa njia hiyo. Simu za Android hudai nambari ya siri pia zikipita saa 72 bila kuipata, na iPhone ikikaa saa 48 bila kufunguliwa hufanya hivyo. Ni ulinzi uliokusudiwa, na anayetegemea kidole hadi akaisahau nambari yake anajiweka hatarini.

Ikiwa simu inafunguka kwa kidole lakini programu ya benki imeacha kukikubali, jiulize kama hivi karibuni umeongeza kidole kipya kwenye simu. Programu nyingi za fedha hufuta ufunguo wao mara tu orodha ya vidole inapobadilika, kwa kuwa haziwezi kujua kama kidole kilichoongezwa ni chako au ni cha mtu aliyeijua nambari yako. Ingia kwa neno la siri, kisha washa upya matumizi ya kidole ndani ya programu.

Ikiwa tatizo lilianza baada ya kubandika kioo cha kinga, futa vidole vyote na uvisajili upya kioo hicho kikiwa juu ya skrini. Kioo kinene sana kisipokubali, hakuna njia ila kutafuta kilicho chembamba. Na ikiwa lilianza baada ya kubadilisha skrini kwa fundi, iwe Luthuli Avenue au kwingineko, kuna uwezekano kwamba sensa haikupangwa upya. Kwa iPhone zenye kitufe cha kidole, sensa imeunganishwa kwa siri na bodi yake ya mwanzo, na kitufe kingine hakisomi kidole hata kikifungwa kwa ustadi. Muulize fundi swali hilo kabla hajafungua simu.

Dalili: kamera haiutambui uso

Simama mahali pa mtumiaji na utazame kile ambacho kamera inakiona. Geti moja la nyumba za kupangisha lilikuwa limewekewa kamera inayotazama mashariki, na kila asubuhi kati ya saa moja na saa tatu wapangaji walioingia kutoka zamu ya usiku walikataliwa. Nyuma ya kila uso kulikuwa na anga lenye mwanga mkali, na kamera ikijirekebisha kulingana na anga hilo, sura ya mtu inabaki kivuli. Tuliongeza taa ndogo juu ya kamera na kuigeuza kidogo, na malalamiko yakaisha. Kofia ya bodaboda, barakoa na miwani mikubwa huleta shida ileile, lakini hizo mtu huziona mwenyewe.

Liko jambo ambalo taa haiwezi kulitibu. Mwezi wa Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za utambuzi wa uso, na ikaonekana kwamba nyingi kati yake hukosea zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki, kwa kumchukua mtu mmoja kuwa mwingine mara 10 hadi 100 zaidi ikitegemea programu. Anayenunua mfumo wa uso kwa ajili ya jengo la Nairobi anapaswa kumtaka muuzaji aujaribu kwa wafanyakazi wa jengo hilo hilo kabla ya kulipa, na asikubali kuonyeshwa majaribio ya nyuso za mbali.

Dalili: mashine inamkubali mtu mwingine

Dalili hii hailalamikiwi, kwa kuwa aliyefunguliwa mlango hana cha kulalamikia, na ndiyo sababu ya kuitafuta wewe mwenyewe. Apple husema kwamba uwezekano wa kidole cha mtu asiyehusika kufungua simu yenye kidole kimoja kilichosajiliwa ni mmoja kati ya 50,000, na kwa uso ni chini ya mmoja kati ya 1,000,000, isipokuwa kwa pacha na ndugu wanaofanana. Hiyo ni simu yenye mwenyewe mmoja. Sasa chukua mashine ya kiwanda chenye wafanyakazi 500, ambayo hutafuta kidole miongoni mwa wote: hata ikiwa na usahihi huo wa kidole, uwezekano wa mgeni kulingana na mtu fulani unakaribia mmoja kati ya 100. Ukishusha na kile kiwango cha kufanana, hujui tena anayeingia.

Marekebisho ni kubadilisha namna ya kuuliza. Mfanyakazi aandike kwanza nambari yake ya kazi, kisha aweke kidole, ili mashine ilinganishe na kiolezo kimoja tu. Futa wote walioacha kazi. Tafuta walioandikishwa mara mbili kwa majina tofauti, jambo ambalo mara nyingi ni kosa la karani na si hila. Kwenye simu, fungua orodha ya vidole, na ukikuta kidole usichokitambua, futa vyote na ubadilishe nambari ya siri.

Dalili: kidole kimekubaliwa, lakini huduma haitoki

Mlinganisho umefaulu na ujumbe unasema mtandao hauko. Hapa kusugua kidole hakusaidii chochote. Angalia kama kifaa kimeunganishwa, kama bando limekwisha, kama seva iko hewani. Angalia pia saa ya mashine: stima ikikatika na ile betri ndogo ya saa ikiwa imekufa, mashine inaweza kurudi mwaka 2000 na kuandika mahudhurio ya watu kwenye tarehe hiyo, na mwisho wa mwezi mishahara inakatwa kwa siku ambazo watu walifika kazini. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na ninawaomba wahasibu waikumbuke kabla ya kumkata mtu.

Katika uchaguzi wa mwaka 2013 nchi nzima iliiona dalili hii, pale vifaa vya kutambua wapiga kura vilipozimika katika vituo vingi, baadhi kwa kuishiwa na betri, na maafisa wakarudi kwenye daftari lililochapishwa. Baadaye njia mbadala iliwekwa katika sheria: kidole kikikataa, mpiga kura hutafutwa kwa nambari ya kitambulisho, na msimamizi wa kituo hujaza Fomu 32A mbele ya mawakala. Hospitali, shule au ofisi yoyote inayotumia kidole inapaswa kuwa na fomu ya namna hiyo, iliyoandikwa mapema na kuwekwa pale kaunta, wala haifai kuachia karani abuni njia wakati mgonjwa amesimama mbele yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mtambo peke yake, na kwa macho yangu taa nyekundu inayomnyima mtu matibabu ni uamuzi mzito.

Dalili: mtu hataki kuweka kidole

Wasimamizi huniambia kwamba huyu ni mkaidi, lakini nami huitibu kama dalili nyingine yoyote, kwa kutafuta chanzo. Nchini humu wafanyakazi walichukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kipande, kitambulisho cha kikoloni ambacho sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni ili mzungu awajue walikotoka kazini. Mwaka 2019 mamilioni waliandikishwa kwa Huduma Namba, mpango wa serikali wa kitambulisho kipya, na mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba utoaji wa kadi hizo haukufuata sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa data haikufanywa. Mwaka 2023 vijana walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC kupigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali, serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, na Mei 2025 mahakama ikaamuru data hiyo ifutwe. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza kidole chake kinakwenda wapi.

Mjibu kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa: nini kinachukuliwa, kwa kazi gani, kinahifadhiwa kwenye mashine au kwenye seva ya nani, na kitafutwa lini baada ya yeye kuondoka. Mpe kadi au daftari la kutia sahihi kama njia nyingine. Wengi wakishaelezwa hivyo huweka kidole bila neno.

Na ukitoa mashine ya zamani ukutani, ifute kwanza. Niliwahi kununua mashine iliyotumika katika duka moja la katikati ya mji, na nilipoiwasha mezani kwangu ilinionyesha majina zaidi ya mia ya wafanyakazi wa kampuni nisiyoijua, kila jina na vidole vyake. Nilikaa nayo jioni ile nzima nikiyafuta moja baada ya jingine hadi orodha ikabaki tupu, ndipo nikaipeleka kwa mteja.